Kinga ya Meno: Kutoka Ulingo wa Ndondi Hadi Uwanja wa Magongo

Popote ulipo, iwe ni jikoni, kwenye matatu, dukani ama katika bweni la shule, nakuomba unitegee sikio kwa dakika chache. Leo tuna mada ambayo wengi huidharau mpaka siku ya balaa: kinga ya meno kwa wachezaji, na hasa wachezaji wa mpira wa magongo.

Nitaanza na swali nililoulizwa. Mama mmoja alikuja kliniki akiandamana na binti yake wa kidato cha pili. Binti hakuwa mgonjwa. Alikuwa amechaguliwa katika timu ya magongo ya shule, na mwalimu wa michezo alikuwa ametuma orodha ya vifaa: gongo, viatu, vikinga vya miguu na kinga ya meno. Mama akaniuliza, "Daktari, haya mengine nimeyaelewa. Lakini hii kinga ya meno ni ya nini? Ni kitu cha lazima, ama ni njia nyingine ya kutumalizia pesa?"

Sikumjibu mara moja. Nilimwonyesha jino langu moja la mbele, ambalo ni la bandia. Kisha nikamwambia, "Keti, mama. Swali lako lina historia." Historia hiyo ndiyo nitakayokusimulia leo. Baada ya hapo nitakueleza namna ya kuchagua kinga inayolinda vizuri na isiyomsumbua mchezaji mdomoni.

Kinga hii ni nini hasa?

Kinga ya meno, ambayo wachezaji wengi huiita mauthgadi, ni kifaa cha plastiki laini chenye umbo la kwato ya farasi. Huvaliwa kwenye meno ya juu. Ina kazi nne. Kwanza, hutawanya nguvu ya pigo ili lisiangukie jino moja peke yake. Pili, hutenganisha meno na midomo, ili meno yako mwenyewe yasikukate mdomo na mashavu. Tatu, huzuia meno ya chini yasigongane na ya juu kwa kishindo. Nne, hupunguza mshtuko unaofika kwenye taya. Hayo yote hufanywa na kitu kinachoenea kwenye kiganja cha mkono.

Mwanzo wake ulikuwa ulingoni

Safari ya kinga hii ilianzia London, Uingereza, mwaka 1890. Huko kulikuwa na daktari wa meno aliyeitwa Woolf Krause. Mabondia walikuwa wakimjia midomo yao ikiwa imechanika, kwa sababu kila ngumi ilipotua, mdomo ulibanwa kati ya glavu na meno. Krause alichukua vipande vya gutapecha akavibandika juu ya meno ya mbele ya bondia kabla ya pigano.

Pengine unajiuliza gutapecha ni kitu gani. Ni utomvu mgumu wa miti inayoota Malaya na visiwa vya jirani. Ukitiwa katika maji ya moto hulainika, na ukipoa hukauka na kushika umbo ulilopewa. Enzi hizo ulitumika kufunika waya za simu za maandishi zilizopitishwa chini ya bahari, zikiwemo zile zilizofika Unguja mwaka 1879. Mpaka leo madaktari wa meno huutumia kujazia mzizi wa jino uliosafishwa. Kwa hivyo, ikiwa umewahi kuzibiwa mzizi wa jino, huenda unatembea na gutapecha kinywani bila kujua.

Mtoto wa Krause, Philip, naye alisomea udaktari wa meno, na alikuwa bondia wa ridhaa. Yeye aliijua shida ile kwa maumivu yake mwenyewe. Akaiendeleza kazi ya babake kwa kutengeneza kinga ya mpira ambayo bondia angeweza kuivaa na kuitoa. Mmoja wa mabondia wakubwa wa kwanza kuivaa alikuwa Mwingereza Ted "Kid" Lewis, aliyepata kuwa bingwa wa dunia wa uzani wa welta.

Sasa sikiliza kisa hiki. Tarehe 7 Februari 1921, Lewis alipanda ulingoni katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, kupigania taji dhidi ya Mmarekani Jack Britton. Wawili hao walikuwa mahasimu wa miaka mingi, na walipigana mara 20. Kabla ya pigano, meneja wa Britton alilalamika. Alidai kwamba kile kipande cha mpira kinywani mwa Lewis ni kitu cha kigeni, na kwamba kinampa faida isiyo halali. Lewis akalazimika kukitoa. Alipigana raundi 15 bila kinga, na akashindwa kwa pointi.

Umeona ajabu hiyo, msikilizaji? Mtu kuyalinda meno yake kulihesabiwa kuwa ni ujanja. Na mawazo hayo hayajafa. Hata leo, kijana akivaa kinga ya meno uwanjani, utasikia wenzake wakimcheka kwamba ni mwoga. Anayecheka hajawahi kuona bili ya daktari wa meno.

Jino moja lililogeuza mambo

Mawazo ya watu wa ndondi yalibadilishwa na jino moja. Mwaka 1927, katika ukumbi wa Madison Square Garden, Mike McTigue wa Ireland alipambana na Jack Sharkey wa Marekani. McTigue hakuwa mtu wa hivi hivi. Miaka minne kabla, katika mji wa Dublin, alikuwa amemshinda Mwafrika Battling Siki wa Senegal na kutwaa ubingwa wa dunia wa uzani wa laiti hevi.

Katika pigano hilo na Sharkey, McTigue alikuwa akienda vizuri. Lakini jino lake likavunjika, na kipande chenye ncha kikamkata mdomo vibaya. Damu ikawa haizuiliki. Katika raundi ya 12 refa alisimamisha pigano na ushindi akapewa Sharkey. Kilichomtoa McTigue ulingoni siku hiyo ni jino lake mwenyewe. Baada ya kisa hicho, mabondia walianza kuvaa kinga kwa wingi, na haikuchukua muda ikawa jambo la kawaida.

Mchezo wa pili kuamka ulikuwa kandanda ya Kimarekani, ile ya kushika mpira kwa mikono na kugongana miili. Mwaka 1947 daktari wa meno wa Los Angeles, Rodney Lilyquist, alitengeneza kinga nyembamba ya plastiki ngumu iliyofuata umbo la meno ya mchezaji mmoja mmoja. Mchezaji aliweza kuongea nayo, na hata kutazamwa bila mtu kutambua kwamba ameivaa. Mwaka 1960 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilipendekeza kinga zivaliwe katika michezo yote ya kugongana. Mwaka 1962 wachezaji wote wa kandanda hiyo katika shule za upili za Marekani wakatakiwa kuzivaa. Baadaye agizo kama hilo likafika kwenye mpira wa magongo wa shule na vyuo nchini humo.

Kwa upande wa raga, mfano mzuri ni New Zealand. Kuanzia mwaka 1998, kila mchezaji wa raga nchini humo, wa ngazi yoyote, alitakiwa kuvaa kinga ya meno. Kwa kuwa huko kuna mfuko wa serikali unaolipia majeraha ya ajali, ilikuwa rahisi kuhesabu matokeo. Kati ya mwaka 1995 na 2003, madai ya majeraha ya meno yatokanayo na raga yalipungua kwa asilimia 43. Hizo ni hesabu za madai, wala si porojo. Na mwaka 2007 wataalamu waliokusanya tafiti nyingi pamoja walionyesha kuwa mchezaji asiyevaa kinga ana hatari ya kuumia kinywa na uso mara 1.6 hadi 1.9 zaidi ya anayevaa.

Tukirudi nyumbani kwenye magongo

Mpira wa magongo si mgeni kwetu. Kenya ilicheza magongo katika Olimpiki kwa mara ya kwanza Melbourne mwaka 1956. Mwaka 1964, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, timu yetu ilimaliza ya sita huko Tokyo chini ya nahodha Avtar Singh Sohal. Mwaka 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza lililofanyika Barcelona, Kenya ilifika nusu fainali na kumaliza ya nne, ikikosa medali ya shaba kwa kushindwa na India mabao mawili kwa moja. Mwaka 1987, katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Nairobi, wanaume wetu walitwaa dhahabu, na mwaka uliofuata wakaenda Olimpiki ya Seoul. Kina dada nao wamelipeperusha jina la Kenya katika mashindano ya vilabu ya Afrika mara nyingi.

Lakini mchezo waliocheza wazee wetu sio huu wanaocheza watoto wetu. Wao walicheza kwenye nyasi za kawaida kwa magongo ya mbao. Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976 ilikuwa ya kwanza kuchezwa magongo kwenye nyasi bandia. Juu ya zulia hilo mpira haukwami popote, huteleza kama umepakwa mafuta. Kuanzia miaka ya 1990 yakaja magongo ya nyuzi za kioo na kaboni, mepesi na yenye nguvu kuliko mbao. Ukichanganya hayo mawili unapata kasi kubwa. Wapigaji stadi wa penalti kona huweza kuurusha mpira kwa kasi ya zaidi ya kilomita 100 kwa saa.

Na mpira wenyewe sio wa kuchezea. Kwa mujibu wa sheria, una uzito wa gramu 156 hadi 163, nao ni mgumu kama jiwe. Hebu fikiria kitu hicho kikiruka kuelekea usoni mwa msichana wa miaka kumi na mitano aliyekimbia kuzuia penalti kona. Ongeza hapo magongo yanayoinuliwa huku na huko, na viwiko vya wachezaji. Ndiyo maana kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Magongo zinapendekeza wachezaji wa uwanjani wavae kinga za miguu, vifundo na mdomo. Tia maanani neno hilo, zinapendekeza. Uamuzi wa mwisho ni wa mchezaji, mwalimu na mzazi.

Ajali hazichagui. Katika Olimpiki ya London ya mwaka 2012, nahodha wa kina dada wa Uingereza, Kate Walsh, alipigwa na gongo kwenye mechi ya kwanza kabisa na taya lake likavunjika. Alifanyiwa upasuaji, akatiwa bamba la chuma, akakosa mechi mbili, kisha akarudi uwanjani na timu yake ikashinda medali ya shaba. Nahodha wa Olimpiki ana madaktari wanaomsubiri pembeni ya uwanja. Mtoto wako katika michezo ya shule ana mwalimu mmoja, na pengine sanduku la huduma ya kwanza lenye bandeji tupu.

Jino langu

Niliahidi kukueleza habari ya jino langu. Nilikuwa kidato cha tatu, nikicheza beki. Uwanja wetu ulikuwa wa nyasi, lakini wenye mashimo na mawe. Mpinzani aliupiga mpira chini kabisa, jinsi inavyotakiwa, lakini ukagonga jiwe na kuruka juu. Nilisikia mlio kabla ya kusikia maumivu. Nilipotema, jino zima lilikuwa mkononi mwangu pamoja na mzizi wake.

Mwalimu wetu alikuwa mtu mwema. Alilipangusa lile jino vizuri kwa kitambaa mpaka likawa safi, akalikunja ndani ya kitambaa hicho kikavu, akalitia mfukoni. Tulifika hospitalini baada ya saa tatu. Daktari alilitazama, akatikisa kichwa. Akasema, "Mngelirudisha palepale uwanjani, ama mngelileta ndani ya maziwa, ningejaribu." Maneno hayo sijayasahau. Jino lilikuwa zima, na tulikuwa nalo muda wote ule. Tulilipoteza kwa kutojua.

Tangu siku hiyo nimebadilisha meno ya bandia mara kadhaa, na kila mara nimelipa. Kwa miaka ya ujana wangu nilicheka nikiwa nimefunika mdomo. Kuna gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti.

Aina tatu za kinga

Sasa tuje kwenye kuchagua. Kuna aina tatu.

Ya kwanza ni ile iliyo tayari. Unainunua, unaitoa kwenye pakiti na kuivaa. Ni rahisi, lakini haifuati umbo la meno ya mtu yeyote. Mara nyingi hulegea, na mchezaji hulazimika kuuma meno wakati wote ili isianguke. Hapo hawezi kuongea wala kupumua vizuri. Hii ndiyo kinga inayowafanya watoto wachukie kinga zote. Ikiwezekana, iache.

Ya pili ni ile ya kulainishwa kwa maji ya moto na kuumwa ili ishike umbo la meno yako. Nyingi hutengenezwa kwa plastiki iitwayo EVA. Hupatikana katika maduka ya vifaa vya michezo, na bei yake inaweza kufikiwa na wazazi wengi. Ikitengenezwa kwa uangalifu, inafaa.

Ya tatu ni ile inayotengenezwa na daktari wa meno. Daktari huchukua chapa ya meno yako, hutengeneza mfano wa plasta, kisha hutandaza plastiki ya moto juu ya mfano huo. Hii hukaa vizuri kuliko zote, ni rahisi kupumua nayo, na unene wake hudhibitiwa. Ni ya gharama zaidi. Anayecheza katika ligi, ama ambaye tayari amewahi kuumia meno, afikirie aina hii.

Namna ya kuunda ile ya maji ya moto

Soma maelezo ya pakiti kwanza, kwa sababu muda hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Kwa jumla, chemsha maji, yaepue, kisha tumbukiza kinga kwa sekunde zilizoandikwa. Itoe kwa kijiko, iache idondoshe maji na ipoe kidogo ili isikuunguze. Simama mbele ya kioo, iweke kwenye meno ya juu ikiwa katikati. Uma polepole, kisha nyonya hewa kwa nguvu huku ukiikandamiza kwa vidole kupitia midomo na mashavu. Baada ya hapo itumbukize kwenye maji baridi.

Kosa kubwa ambalo watu hufanya ni kuuma kwa nguvu zote wakati kinga ingali laini. Meno hupenya, na kinga hubaki nyembamba kama karatasi pale ambapo ulinzi unahitajika zaidi. Unene unaofaa mbele na chini ya meno ni kama milimita 3 hadi 4. Ikiharibika mara ya kwanza, nyingi zinaweza kulainishwa na kuundwa upya. Na kazi hii mtoto asiachiwe peke yake na maji ya moto.

Utajuaje kwamba inafaa?

Ivae, kisha jipime hivi. Fungua mdomo wazi. Je, imebaki juu bila kushikwa na ulimi wala meno ya chini? Isipobaki, haifai. Sema jina lako kwa sauti, kama unavyomwita mwenzako akupe pasi. Je, unaeleweka? Kimbia kuzunguka nyumba mara mbili. Je, unapumua vizuri? Kunywa maji kidogo. Je, unaweza? Je, inakutia kichefuchefu? Ikiwa ndivyo, huenda imeenda nyuma mno. Inatakiwa ifunike meno yote ya mbele na kufika kwenye magego, lakini isiguse koo. Pitisha kidole pembeni mwake. Pakiwa na ncha inayochoma ufizi, inaweza kupunguzwa na kulainishwa.

Usidhani kwamba starehe ni anasa. Kinga isiyo na starehe hutolewa kinywani na kuchomekwa kwenye soksi, na kinga iliyo kwenye soksi haijawahi kulinda jino.

Mambo ya kuangalia zaidi

Mtoto ambaye meno yake bado yanabadilika, ama taya lake linakua, atahitaji kinga mpya kila msimu, pengine hata mapema zaidi. Aliyevalishwa waya za kunyoosha meno asitumie kinga ya kawaida ya maji ya moto, kwani huweza kunasa kwenye waya. Huyo amwone daktari wa meno amtengenezee ya kwake. Anayevaa meno ya bandia ya kutoa na kuvaa ayatoe kabla ya mechi, yasije yakamkaba koo. Ambaye meno yake ya chini yametangulia mbele kuliko ya juu aulize daktari, kwani huenda kinga yake ikahitajika chini.

Nimeona vijana wakikata vipande vya tyubu ya baiskeli ama sponji na kuvitia mdomoni. Naelewa umaskini, na sicheki. Lakini kipande kisichoshikilia meno kinaweza kuingia kooni mtu anapokimbia, na hapo tutakuwa tumehama kutoka shida ya jino hadi shida ya uhai. Usifanye hivyo.

Jambo jingine ni kuazimana. Anayetoka uwanjani anatoa kinga, anampa anayeingia. Tafadhali, hapana! Kinga huwa na mate na mara nyingi damu. Kila mtu awe na yake, iliyoandikwa jina.

Baada ya mechi, ioshe kwa maji baridi na mswaki, ikaushe, iweke kwenye kisanduku chenye matundu. Usiiache kwenye jua kali wala juu ya dashibodi ya gari, itapinda. Ikichanika, ikitafunwa ikawa nyembamba, ama ikianza kulegea, nunua nyingine.

Tena tuwe wakweli. Kinga ya meno haizuii kila kitu. Taya linaweza kuvunjika mtu akiwa ameivaa. Na hakuna ushahidi wa kutosha kwamba huzuia mtikisiko wa ubongo. Mchezaji akipigwa kichwani, akazunguzwa, akatapika ama akachanganyikiwa, atoke uwanjani na apelekwe hospitali, awe na kinga ama asiwe nayo.

Jino likitoka, fanya hivi

Hapa ndipo ninapotaka uchukue kalamu. Jino la ukubwani likitoka zima, litafute. Lishike upande wa juu unaoonekana kinywani, usiguse mzizi. Likiwa na uchafu, lisuuze kwa maziwa, ama kwa maji safi kwa muda usiozidi sekunde kumi. Usilisugue wala kulipangusa. Lirudishe kwenye tundu lake palepale, likiangalia mbele, kisha mchezaji aume kitambaa safi ili kulishikilia. Ikiwa huwezi, ama ikiwa amepoteza fahamu, litie kwenye kikombe cha maziwa baridi. Usiliweke kwenye karatasi wala kitambaa kikavu, wala usililoweke kwenye maji. Kisha kimbilia kwa daktari wa meno. Dakika 30 za kwanza ni za thamani kubwa, na jino lililokaa kavu kwa saa nzima huwa na matumaini madogo. Juu ya mzizi kuna chembechembe hai ambazo hulishika jino kwenye mfupa, nazo hufa zikikauka. Muulize daktari pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Jino la utotoni halirudishwi, kwa sababu linaweza kuumiza jino la kudumu lililo chini yake. Lakini mtoto apelekwe kuangaliwa vilevile.

Mwalimu wa michezo unayenisikiliza, mechi ijayo nunua pakiti moja ya maziwa uiweke kwenye kisanduku cha barafu. Isipotumika, mtaitia kwenye chai baada ya mechi.

Jibu kwa yule mama

Nilipomaliza simulizi yangu, yule mama alinyamaza kidogo. Akaniuliza, "Kwa hivyo daktari, ile ya maji ya moto inatosha?" Nikamwambia inatosha kwa kuanzia, mradi aiunde kwa makini, na mwisho wa msimu aje nayo niikague. Binti yake, ambaye muda wote alikuwa kimya, akauliza swali ambalo nililipenda zaidi: "Na wenzangu wakinicheka?"

Nikamweleza habari ya Ted Kid Lewis, aliyelazimishwa kutoa kinga yake mbele ya umati wa watu mwaka 1921. Nikamwambia kwamba siku hizi huwezi kumwona bondia yeyote wa maana akipanda ulingoni bila kinga. Waliocheka walinyamazishwa na jino la McTigue. Akatabasamu, meno yake yote yakaonekana.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naongeza kwamba ukuta unaweza kujengwa tena, lakini jino la ukubwani likishapotea halioti jingine. Ikiwa una mtoto anayecheza magongo, raga ama ndondi, tafuta kinga inayomfaa kabla ya mechi ijayo. Hakikisha anaivaa hata wakati wa mazoezi, maana mpira hautambui kama leo ni fainali ama ni mazoezi tu.

Hadi tutakapokutana tena katika kipindi kijacho, ndimi mwenzako katika afya. Tunza kinywa chako. Kwaheri.